Msituulize wapi, mtuulize saa ngapi

Bwana mhariri,

Ule ukurasa wenu wa sehemu za kula hapa Lubumbashi nimeusoma wote toka juu mpaka chini, alafu nikaurudia, sababu mambo ya chakula kwangu si ya kupitisha juu juu. Restora mlizoziandika sina ugomvi nazo, zingine naenda, nakula vizuri, nalipa, narudi. Kinachonisumbua ni ile namna ya kuandika: jina, avenyu, bei ya sahani, basi imeisha. Mgeni akichukua ule ukurasa akatembea nao mjini atapata meza yenye kitambaa, atapata kuku na friti na samaki aliyelala kwenye frigo, atapanda ndege arudi kwao aseme Lubumbashi nimekula, na mji hajauonja. Kwetu hapa mtu anayejua kula haulizi wapi peke yake, anauliza saa ngapi, alafu anauliza tuko mwezi gani. Mama yuleyule, mbabula (jiko la mkaa) ileile, sufuria ileile, ukifika saa sita na nusu unakula chakula utakachokizungumzia nyumbani, ukifika saa tisa unakula kilichobaki, na hakuna aliyekudanganya, wewe ndo umechelewa.

Tuanze na bukari, yaani ugali wetu, bila bukari hakuna cha kuongea. Wageni wengi wanaionja mara ya kwanza hotelini, imesongwa mapema, imefungwa kwenye plastiki ili ikae moto, na mle ndani ya plastiki inatoa jasho, juu inalowa, katikati inakazana, mtu anamega mara mbili anasukuma sahani anasema haina ladha. Bukari haimsubiri mtu. Ikishatoka motoni una kama nusu saa ya kuila ikiwa yenyewe, laini, inafuka moshi, inafuata kidole. Bamama wa malewa, zile sehemu za kula za pembeni ya barabara, wanalijua hilo, ndo maana wale wazuri hawapiki sufuria moja kubwa ya mchana kutwa, wanasonga ya kwanza karibu na saa sita, kundi la kwanza likianza kula wanaweka maji mengine, wanasonga tena, na hivyohivyo mpaka unga wa siku hiyo uishe. Ukikaa kwenye benchi mama akakwambia "ngoja kidogo yaya, maji iko kwa moto", usinyanyuke kwenda kwa jirani aliye na bukari tayari. Ngoja hapohapo. Hiyo ndo sehemu nzuri ya kula kuliko zote siku hiyo.

Pembeni ya soko la Kenya, ile komini ya hapa mjini, si nchi, wako wengi wa namna hiyo, na kuzunguka soko la Mzee Kabila pia, hawana kibao wala jina, ukitaka kuwatambua angalia wanaokula. Wakiwa madereva wa bisi na vijana wa puspus, wale wanaosukuma mizigo toka asubuhi, ujue bukari ni nzito na mboga imetosha, sababu mtu wa puspus falanga yake ameitolea jasho na hataitoa tena mahali palipomwacha na njaa. Ukiona wanawake wanaouza sokoni hapohapo wametuma mtoto na sahani kuchukua chakula kwa yule mama, kaa bila kuuliza swali lingine. Muuza nyanya anajua nani alinunua nyanya nzuri na nani aliokota zilizopondeka.

Kuhusu unga wenyewe, hata hapo kuna majira. Sehemu kubwa ya unga na mahindi yetu inavuka Kasumbalesa kutoka Zambia, na Zambia ikikauka sisi ndo tunahisi kwenye sahani. Mwaka 2024 ukame uliwapiga mpaka serikali yao ikatangaza janga la taifa mwisho wa mwezi wa pili, na huku kwetu kila aliyekuwa anakula nje alikuwa anaongea hayohayo, kipande kimepungua, bei imebaki. Bamama wengi waliongeza unga wa muhogo kwenye mahindi. Mimi nasema wazi kwamba bukari ya kuchanganya naipenda, muhogo unaipa kuvutika fulani, inashika sosi vizuri, tena kwa samaki ni bora kuliko ya mahindi matupu. Ila mteja aambiwe. Wale waliosema "leo nimechanganya" wateja wao walibaki nao.

Sombe ndo peke yake inayokataa sheria yangu ya saa. Majani ya muhogo yanatwangwa, yanachemka muda mrefu, na si kwa ajili ya ulaini tu, majani mabichi yana sumu na ni kule kutwanga na ule moto mrefu vinavyoiondoa, kwa hiyo mama anayekuletea sombe ya haraka-haraka mwogope. Anayejua ameanza alfajiri. Alafu kesho yake ile iliyobaki ikipashwa, mafuta ya mawese yameshaingia kila mahali, ni tamu kuliko ya jana, na niko tayari kubishana na yeyote juu ya hilo. Nikipita saa nne asubuhi nikisikia harufu ya sombe inapashwa, siku yangu imeshapangwa. Lenga-lenga (mchicha) na matembele ni kinyume, zikikaa dakika chache tu zimeshakuwa nyeusi na maji yamejitenga, hizo kula palepale zinapotoka.

Sasa samaki, na hapa nitakaa, sababu hapa ndo wateja wanalishwa maneno badala ya chakula.

Samaki wetu wa maji baridi anatoka zaidi upande wa Kasenga, mto Luapula na ziwa Mwero, kilomita 200 na kitu kutoka hapa. Biashara hiyo ni ya zamani sana. Wakati mji bado unaitwa Élisabethville kulikuwa na Wagiriki waliokaa Kasenga wananunua samaki, wanamweka kwenye barafu wanamleta huku kulisha wafanyakazi wa migodi ya Union Minière. Kulikuwa na samaki anaitwa pumbu, wakati wa mvua alikuwa anapanda mto kwa makundi kwenda kuzaa, na watu wakamvulia hapohapo njiani akiwa na mayai tumboni, kila mwaka, nyavu na barafu na magari, na kabla hata ya uhuru wa 1960 yale makundi yalikuwa yameshaisha. Nasimulia hii sababu watu wa mji huu ndo waliomla. Mdomo wetu unaweza kumaliza ziwa, tumeshafanya.

Leo ukitaka samaki wa Kasenga mwenyewe, siku yako ni ile magari yameingia, na wanaojua ni bamama wanaouza samaki sokoni, si mhudumu wa restora. Uliza sokoni asubuhi, alafu mchana nenda kwa mama anayenunua kwa hao. Na popote pale, iwe malewa iwe restora ya kitambaa cheupe, omba uonyeshwe samaki kabla hajapikwa. Si matusi, wazee wetu walifanya hivyo. Jicho liwe limejaa, mashavu ndani yawe mekundu, ukibonyeza nyama irudi. Akikataa kukuonyesha, agiza kuku.

Restora moja, siitaji, menyu yao imeandika tilapia wa Kasenga, na aliyeletwa mezani kwangu nyama yake ilikuwa inatoa maji na kumeguka vipande kama samaki aliyegandishwa miezi. Nilipouliza ametoka wapi nikajibiwa "ni wa Kasenga, papa", nikauliza magari yameingia lini, kimya. Hapo ndo hasira yangu ilipo. Samaki wa barafu si dhambi! Tomsoni tunamla wote, anavuliwa kwenye Atlantiki upande wa Namibia, anagandishwa, anafungwa kwenye makartoni, anapita Zambia mpaka kwetu, na ndo aliyelea watoto wa Katuba na Kampemba miaka ambayo nyama ilikuwa ya sikukuu. Tomsoni aliyekaangwa mpaka ngozi ikalia, kitunguu juu, pilipili pembeni, bukari ya moto, saa moja jioni, ni chakula cha heshima kabisa. Mwiteni kwa jina lake na mtozeni bei yake.

Ndakala wa Tanganyika, wale wadogo wanaoletwa kutoka Kalemie wamekauka, wao wanataka kununuliwa kiangazi. Mvua ikinyesha hawakauki vizuri, wanashika ukungu, muuzaji anaongeza chumvi kuficha, na wewe unashangaa kwa nini mboga inauma ulimi. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa ndo wanakuwa wakavu, wanang'aa, wananukia ziwa. Nikiwaona hivyo nanunua wa kutosha naweka.

Jambo lingine ambalo ukurasa wenu ungewasaidia watu: upande wa Zambia wa ziwa Mwero uvuvi unafungwa kuanzia 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazae. Kwa hiyo mtu akikuapia mwezi wa kwanza kwamba tilapia wake ni wa jana, muulize tena polepole. Na cha kufurahisha ni kwamba miezi hiyohiyo samaki anapopumzika, pori linatoa. Mtu anayekula kwa majira hana mwezi wa njaa hapa Lubumbashi.

Uyoga kwanza. Mvua zikishika, Desemba, Januari, Februari, kwenye barabara ya Likasi na ile ya Kasumbalesa watu wanasimama pembeni na vikapu na mabeseni, kuna ule wa manjano mdogo wenye harufu ya tunda, kuna mweupe mnene, na kuna ule mkubwa unaoota kwenye kichuguu, ambao mchwa wenyewe ndo wanaulima mle chini kwa chakula chao, kofia yake inaweza kufika karibu mita moja, mtoto anabeba mmoja tu na mikono imejaa. Hakuna uyoga wa kuliwa duniani mkubwa kuliko huo. Uko kwetu! Na unapikwa kirahisi: unachanwa kwa mkono, kitunguu, nyanya kidogo, chumvi, au unamalizia na karanga za kusagwa, usiweke vitu vingi. Ununue leo upike leo, kesho umeshalainika na wadudu wameshaamka. Na ununue kwa waliozaliwa na kazi hiyo, usiende kuchuma mwenyewe ukifikiri unajua, uyoga wa sumu unafanana na wa kuliwa na kila msimu kuna familia zinazolia.

Sasa niambieni, Bwana mhariri, inawezekanaje mwezi wa kwanza, uyoga umejaa barabarani mpaka wauzaji wanagombania magari, ukaingia restora mjini kati ukaletewa piza yenye uyoga wa kopo? Nimeletewa, si mara moja. Mpishi ni mtoto wa hapa, mama yake anaujua uyoga, yeye mwenyewe akirudi nyumbani jioni anakula ule wa pori, lakini kazini anafungua kopo lililotoka ng'ambo. Nikamuuliza mmoja kwa nini, akasema wateja wa hapa hawatauagiza. Sisi ndo wateja wa hapa. Tunausimamishia gari barabarani, tunaugombania bei, kwa nini tusiuagize?

Bishimu, wale viwavi wa porini wanaoliwa, vilevile. Vinakuja na mvua, vibichi ni vya muda mfupi sana, vikavu vinapatikana baadaye sokoni kwa vipimo. Mgeni anaogopa kwa jicho, hiyo naelewa, lakini namna nzuri ya kumwanzisha ni vikavu vilivyooshwa sana mchanga ukaisha wote, vikachemshwa, maji yakamwagwa, alafu vikakaangwa kwa mafuta kidogo na kitunguu na nyanya mpaka vikaanza kulia chini ya meno. Kwa aina nyingi, vikikauka zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, nyama gani inakupa hivyo kwa bei hiyo? Mama mmoja wa Kenya anavipika siku za wiki tu, Jumamosi hana, sababu siku hiyo watu wanataka mbuzi, na vikiisha saa saba haongezi, ukifika saa nane anakuonyesha sufuria tupu.

Na niseme hili wakati tuko hapa porini, hata kama barua ni ya chakula. Bishimu vinakula majani ya miti ileile inayokatwa kuchoma makala, yaani mkaa. Ule uyoga wa manjano mizizi yake inashikana na mizizi ya miti hiyohiyo, mti ukienda nao unaenda. Makala yote ya mbabula zetu yanatoka huko, na pori kuzunguka mji limesogea mbali, kila mtu anayesafiri kwa gari anaona kwa macho. Bei ya bishimu ikipanda tunamlaumu muuzaji, yeye hana kosa, anavifuata mbali kuliko zamani.

Chikanda nayo ningependa muandike habari zake. Bamama wanaibeba kwenye beseni, wanakata vipande, watoto wakitoka shule wanawazunguka. Inatoka kwenye viazi vidogo vya okidi, yale maua, vinachimbwa kwenye dembo, yale mabonde yenye majimaji, vinakaushwa, vinatwangwa, vinapikwa na unga wa karanga na magadi na chumvi na pilipili mpaka inashikana. Ya asubuhi laini katikati, ya jioni imeshakauka pembeni, kwa hiyo mapema. Lakini kiazi kikichimbwa mmea wenyewe umekwenda, na watu wanaitaka sana mpaka Zambia wanavifuata Tanzania. Wasomaji wenu wa Tanzania wanaijua Kitulo, ile hifadhi ya maua iliyotangazwa hifadhi ya taifa 2005, moja ya sababu ilikuwa ni biashara hiyohiyo ya viazi vya okidi. Mimi nakula chikanda kidogo na nakula kwa heshima. Anayeuza kipande kikubwa kwa bei ya bure simwamini, mara nyingi unga wa karanga ndo umezidi na okidi imebaki jina.

Munkoyo, kile kinywaji chetu, nitapita haraka. Uji wa mahindi unapikwa, unapozwa, unatiwa mizizi ya munkoyo iliyopondwa, ile mizizi inavunja uzito wa uji unakuwa maji na utamu unatoka wenyewe bila sukari. Siku ya kwanza hata mtoto anakunywa, siku zinazofuata inachachuka na kichwa kinaanza kuisikia. Muulize muuzaji imepikwa lini, atakwambia ukweli, hana sababu ya kuficha sababu kila siku yake ina wateja wake.

Alafu jioni, michopo.

Hapa hata ninyi hamngekosea, na bado mmeandika mstari mmoja tu: "nyama ya mbuzi ya kuchoma inapatikana sehemu nyingi". Bwana mhariri! Mtu wa Lubumbashi akiwa ugenini Kinshasa au Ulaya, ukimuuliza umekosa nini cha kwenu, wengi watajibu michopo kabla hawajataja ndugu zao. Inastahili ukurasa wake.

Saa yake inaanza jua linaposhuka. Kamalondo, Kenya, Katuba, Bel-Air, utaona moshi kabla hujaona mchomaji. Usikimbilie nyama ya kwanza. Makala ya kwanza bado yana moto wa ndimi, yanaunguza nje yanaacha ndani mbichi, mchomaji mwenye haraka anawauzia hiyo wale waliotoka kazini na njaa. Subiri mpaka makala yawe meupe juu, hayana ndimi, yanapumua tu. Kuanzia kama saa moja mpaka saa tatu ndo wakati, baada ya hapo inabaki shingo na vipande vilivyopashwa mara tatu. Unanunua kwa falanga, si kwa kilo, unasema nataka ya kiasi fulani na unaonyesha kwa kidole sehemu, na hapo ndo wageni wanapotezwa, wanasema "nipe tu" wanapewa mifupa. Onyesha mbavu. Mbavu zina mafuta yanayodondoka kwenye makala na kurudi juu kwa moshi, ladha yote iko pale. Paja ni kwa wasiotaka kutafuna. Inakatwakatwa mbele yako kwenye ubao, chumvi, pilipili ya kusagwa, kitunguu kibichi, inafungwa kwenye karatasi, na kwanga, ule mkate wa muhogo, au makemba, zile ndizi, pembeni. Mchomaji akikuwekea pilipili kabla ya kuuliza si mchomaji mzuri, nyama nzuri inaomba kuonjwa kwanza na chumvi tu.

Hauhitaji meza yake. Kaa kwenye terasi ya jirani, agiza bia yako ya Simba au soda yako, tuma kijana, michopo inakuja ulipo, mwenye baa hakasiriki, wanaishi kwa kutegemeana na wote wanajua. Siku TP Mazembe wanacheza pale kwenye uwanja wao Kamalondo, ule uliofunguliwa 2011, panga vizuri: fika kabla ya mechi kuisha. Filimbi ya mwisho ikilia wanatoka maelfu kwa pamoja, mchomaji anaacha kuchoma anaanza kuuza tu, nyama inatoka mbichi na hakuna atakayekusikia ukilalamika.

Najua wapo watakaowaandikia kwamba huyu anawapeleka wageni kula kwenye vumbi wakaugue. Mji wetu unaijua kolera, sitanii na hilo. Ila na hapo kuna namna ya kuangalia. Maji ya kunawa yamiminwe juu ya mikono yako, usichovye kwenye beseni ambalo wote wamechovya. Sabuni iwepo. Chakula kiwe moto wa kuunguza, na ndo maana nasema tena saa, saa, sababu chakula kilichotoka motoni sasa hivi ni salama kuliko saladi ya hoteli iliyooshwa kwa maji usiyoyajua. Na hao bamama wanalipa kodi ya soko kila siku bila kukosa, alafu maji wananunua kwa madumu kwa falanga zao wenyewe. Bomba moja tu kila upande wa soko lingefanya kazi kubwa kuliko faini zote wanazotishiwa nazo. Andikeni na hilo, ninyi mnasikilizwa kuliko mimi.

Ombi langu kwenu si kubwa. Kila wiki, kwenye kona ndogo tu, mtuandikie kilichofika mjini: magari ya Kasenga yameingia au hayajaingia, uyoga umeanza au bado, bishimu vibichi viko au tungoje vikavu, unga umepanda au umeshuka. Mtu mmoja akizunguka soko asubuhi anapata yote hayo kabla ya saa nne. Na mkiandika restora, ulizeni mpishi maswali mawili, samaki huyu ametoka wapi na leo umenunua nini sokoni, alafu mchape majibu yake kama alivyosema. Wale wanaopika kweli watafurahi kuulizwa.

Na kwa kuwa tuko Novemba na mvua ndo zinaanza, nawapa ya wiki hii bure. Maembe yameingia, ila mengi yamechumwa machanga, nunua yaliyodondoka yenyewe hata kama yana doa. Uyoga mkubwa bado, msidanganywe na ule wa kwanza, umejaa maji. Sombe ni nzuri mno sasa hivi, majani machanga yametoka na mvua ya kwanza, sombe ya mwezi huu haihitaji hata karanga, mawese kidogo na pilipili moja nzima isiyopasuliwa inatosha. Tilapia wa Kasenga mleni sasa, kabla ya Desemba. Na ukienda kwa michopo beba mwavuli, mvua inanyesha jioni, wachomaji wa Kenya wanahamia chini ya baraza za maduka upande wa pili wa barabara, moshi ndo utakuonyesha.

Msomaji wenu,
Komini ya Katuba, Lubumbashi